Mashua ya Mbao na Maji Yake

Mashua ya mbao huzeeka kwa maji, lakini si maji yote huizeesha kwa namna moja. Maji ya chumvi yanayoizunguka huuhifadhi mti dhidi ya kuoza, na wakati huohuo huleta wadudu wanaoutafuna. Maji ya mvua yanayotuama ndani yake huuozesha. Na kukosa maji kabisa, wiki chache tu juani juu ya mchanga, hufungua maungio mpaka mwanga ukaonekana kati ya ubao na ubao. Karibu kazi yote ya utunzaji, kuanzia kukalafati hadi kupaka deheni, ni kazi ya kuamua maji gani yaguse sehemu gani, na kwa muda gani.

Katika visiwa vya Lamu, Manda na Pate, mashua ya tanga moja iliyozoea kuvua na kubeba mizigo sasa hubeba pia watu wanaokwenda kutembea: wageni wanaoelekea Manda Toto au kwenye magofu ya Takwa, familia siku za sikukuu, na vijana wanaoshindana kwa tanga msimu wa Maulidi. Badiliko hilo la matumizi limebadilisha pia mahitaji ya chombo. Mashua ya kazi huenda baharini karibu kila siku, na mwenyewe huiona ndani na nje. Mashua ya matembezi hukaa siku nyingi nangani ikisubiri wateja, na kukaa huko ndiko kunakoidhuru zaidi: viumbe vya baharini hupata utulivu wa kujishikiza, mbao za juu hukauka, na maji ya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, hukaa bila mtu kuyatazama.

Ili kuelewa kwa nini hali iwe hivyo, inafaa kuanza na ubao wenyewe. Mafundi wa pwani wana miti yao wanayoijua: mbambakofi kwa mbao za chini zinazohitaji ugumu, mlilana wa mikokoni kwa mataruma (mbavu za chombo) kwa sababu matawi yake yamepinda yenyewe, msaji kwa mwenye uwezo, mwembe kwa asiye nao. Yote imejengwa kwa vijibomba vyembamba mno, na kuta za vijibomba hivyo hunywa maji kabla ya matundu yake kujaa. Kuta hushiba unyevu unapofika kama asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa mti mkavu. Unyevu ukizidi hapo, maji hukaa ndani ya matundu na ubao haubadiliki ukubwa. Ukishuka chini ya hapo, kila kiasi kinachotoka huzifanya kuta zisinyae, na ubao mzima husinyaa pamoja nazo.

Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Ubao husinyaa kufuata duara za mti karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, ilhali kwa urefu haupungui hata asilimia moja. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukipoteza asilimia 3 tu ya upana wake, hupungua milimita 6, na ufa wa milimita 6 unaokimbia kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) unatosha kuizamisha mashua palepale inaposhushwa. Ukirudi majini, ubao uleule hunywa tena, hufura, na kuubana ufa. Ndiyo maana chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu huvuja sana siku ya kwanza, kidogo siku ya pili, na baada ya siku kadhaa karibu kinaacha. Ndiyo maana pia mashua inayosubiri pwani hufunikwa kwa makuti au turubai, na humwagiwa maji ya bahari asubuhi na jioni.

Ufa hauzibwi na kufura kwa mti peke yake. Kati ya ubao na ubao huingizwa pamba, na hiyo ndiyo kazi ya kalafati. Kwanza pamba ya zamani hukwanguliwa ikatoka pamoja na uchafu wote, kwa maana pamba mpya ikipigwa juu ya iliyooza haishiki. Halafu pamba safi husokotwa juu ya paja ikawa ugwe, ikaloweshwa mafuta, kisha hulazwa juu ya ufa na kusukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Haiingizwi kwa mstari ulionyooka. Hukunjwa vikunjo vidogovidogo, kimoja kikiegemea kingine, vikubwa pale ufa ulipo mpana na vidogo pale ulipo mwembamba. Fundi huongozwa na sikio zaidi ya jicho. Mwanzoni mlio wa nyundo huwa mzito na mfupi. Ufa ukianza kushiba, mlio huwa mkavu na mkali, na patasi huanza kuruka mkononi. Hapo huacha, akahamia hatua inayofuata.

Kujua mahali pa kuacha ni muhimu kuliko kujua kupiga. Mashua iliyokauka ina nyufa pana, na asiye fundi huona vyema kuzijaza pamba hadi zisimeze zaidi. Lakini mti utakaporudi majini utafura, na pamba iliyoshindiliwa haitakuwa na pa kwenda. Nguvu ya mbao zinazofura ni kubwa kiasi cha kung'oa misumari kwenye mataruma. Chombo kilichokuwa kikivuja kidogo hutoka kwenye matengenezo ya namna hiyo kikiwa kimelegea mwili mzima, na gharama ya kukirekebisha huwa mara nyingi ya gharama ya pamba. Wakati bora wa kukalafati ni pale mbao zikiwa zimekauka kwa nje tu, ndani zingali na unyevu wao.

Njia rahisi kuliko zote ya kufuatilia afya ya mashua ni kuhesabu maji ya ngamani. Asubuhi, kabla ya jambo lolote, maji huchotwa kwa upo na idadi ya nyupo hukumbukwa. Idadi ikiwa ileile wiki baada ya wiki, hakuna la kuhofia, kwa kuwa mashua ya mbao isiyoingiza maji hata kidogo ni adimu. Ikipanda ghafla, kuna ufa uliofunguka au tundu jipya. Na kabla ya kuanza kutafuta ufa huo, tone moja ulimini, kama maji hayana mafuta ya mashine, huokoa kazi ya siku nzima. Maji yakiwa ya chumvi, yameingia kutoka chini, na pa kwanza kupekuliwa ni ungio la ubao wa kwanza na mkuku. Yakiwa hayana chumvi, ni mvua iliyopenya juu, na kukalafati chini ya tumbo la mashua hakutasaidia kitu.

Maji hayo yasiyo na chumvi ndiyo yanayostahili kuogopwa zaidi. Kuoza kwa mti ni kazi ya kuvu, viumbe jamii ya uyoga, vinavyohitaji hewa, joto, na mti wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi. Ubao uliozama moja kwa moja hauna hewa ya kutosha, na chumvi huwazuia kuvu wengi. Ubao wa juu ulioloweshwa na mvua na kukaa kivulini bila upepo una kila kitu wanachohitaji. Kwa hiyo mashua huoza kutoka juu kwenda chini: kwenye vichwa vya mataruma, chini ya kitako cha mlingoti, pembeni mwa shetri, na popote ambapo ubao umelala juu ya ubao na tope limejikusanya. Magunia ya mchanga yanayotumika kama farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, yana kosa lao pia, maana hushika maji ya mvua na kuyagandamiza kwenye mbao kwa miezi. Hupaswa kutolewa, ngama ikaoshwa kwa maji ya bahari, na yale matundu madogo chini ya mataruma yanayopitisha maji yakazibuliwa kwa kijiti. Kazi hiyo haimalizi nusu ya asubuhi, na hakuna nyingine inayolipa zaidi.

Ubao uliooza hugunduliwa kwa ncha ya kisu. Mti mzima hukataa kisu na ukichokolewa hung'oka nyuzi ndefu. Uliooza hukipokea na kukatika vipande vifupi kama biskuti. Ukigongwa kwa mpini wa nyundo, mzima hulia, uliooza hunyamaza. Rangi haifai kuaminiwa hata kidogo. Koti zuri la rangi ya mafuta juu ya ubao wenye unyevu hufungia maji ndani, na mara nyingi mbao zinazong'aa kuliko zote ndizo zilizokwisha.

Chini ya mstari wa maji mambo ni mengine. Ubao wowote unaotumbukizwa baharini huanza kuvaa ndani ya dakika chache: kwanza utando wa mabaki ya viumbe yaliyoyeyuka majini, baada ya saa chache bakteria, baada ya siku kadhaa mwani mdogo unaofanya ute wa kuteleza, na baada ya wiki chache yale magamba madogo meupe yenye umbo la mlima uliokatwa kilele. Magamba hayo hudhaniwa kuwa ndugu wa chaza, lakini ni jamaa ya kamba na kaa. Charles Darwin aliyachunguza kwa miaka 8, kuanzia 1846, kabla ya kuandika kitabu chake kuhusu asili ya viumbe. Mtoto wa kiumbe huyo huogelea huru, hutembea juu ya ubao akiupima, kisha hujibandika kwa kichwa kwa gundi yake mwenyewe na kukaa hapo maisha yote, akinasa chakula kwa miguu. Mashua iliyovaa magamba hukata maji kwa shida. Ya tanga hushindwa kupanda upepo, na yenye mashine hunywa mafuta mengi zaidi kwa safari ileile.

Hata hivyo magamba huonekana, na kinachoonekana hukwanguliwa. Hatari kubwa zaidi ni mtoboa mbao, mdudu ambaye wataalamu humwita Teredo. Naye anaitwa mdudu kwa mazoea tu, kwa kuwa ni jamaa ya kome na chaza aliyerefuka akafanana na mnyoo. Magamba yake mawili yamebaki kichwani, madogo, yenye meno kama tupa, na kwa hayo huukereza mti akisonga mbele. Huingia akiwa mchanga, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua ndani na kupanua njia yake. Anaweza kufika sentimita 30 au zaidi. Bakteria wanaoishi kwenye mashavu yake hutengeneza vimeng'enya vya kumsaidia kumeng'enya mti wenyewe, jambo ambalo wanyama wachache sana wanaliweza. Nje ya ubao hakuna dalili ila vitundu vidogo kama nukta za kalamu. Ndani unaweza kuwa umebaki matobo matupu yaliyopakwa chokaa nyeupe.

Historia ya usafiri wa bahari imejaa kazi za mdudu huyu. Mwaka 1503 Christopher Columbus alilazimika kupandisha pwani ya Jamaica vyombo vyake viwili vya mwisho vilivyotobolewa hadi visiweze kuelea, na akakaa huko karibu mwaka mzima. Kuanzia 1731 Waholanzi waligundua kuwa magogo yanayolinda kuta zao za bahari yameliwa kutoka ndani, wakaanza kuyabadilisha kwa mawe yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Kukianika chombo kwa siku moja hakumuui, kwa sababu ana vijiko viwili vidogo vya chokaa mkiani anavyozibia mlango wake, na akishajifungia anaweza kuishi wiki kadhaa nje ya maji. Dawa halisi ni kumzuia asiingie.

Kwa kazi hiyo pwani ya Afrika Mashariki ina karakana ambayo sehemu nyingi za dunia hazina. Nyakati za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na wakati wa maji mafu hupungua hadi karibu mita 1. Zaidi ya hayo, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, yaani mwanga ukiwa mkali na siku ingali changa. Mashua huletwa pwani maji yanapojaa alfajiri, farumi ikiwa imeshatolewa, ikatiwa gadi (magogo ya kuiegemeza) pande zote mbili au ikalazwa ubavu mmoja. Maji yakiondoka, mafundi wana muda wa saa tano hivi wa kufanya kazi kabla hayajarudi. Bamvua ijayo, au kesho yake, ubavu wa pili hupata zamu yake. Mahali pa kupwelewa huchaguliwa kwa makini: mchanga mgumu, usio na mawe, mbali na mawimbi, kwani mashua inayogongagonga chini maji yanaporudi huumia kuliko inavyotengenezwa.

Kwanza hukwanguliwa ikiwa bado mbichi, kwa sababu magamba yakikauka hushika kama saruji. Kisha hufuata moto. Matita ya makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya tumbo la mashua, upande hadi upande, moto ukilamba ubao bila kukaa mahali pamoja. Mvuke hutoka, mwani uliobaki hukunjamana, na wadudu waliotoka kuingia hufa. Waliozama ndani huenda wasifikiwe, kwa kuwa mti haupitishi joto vizuri. Ndiyo sababu ya kuchoma mara kwa mara kuliko kuchoma sana. Moto pia hukausha uso wa ubao, nao ukiwa na joto huwa tayari kupokea deheni.

Deheni ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, na kilicho ndani yake ni kemia kamili. Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe yaliyochomwa: joto huondoa kaboni dayoksaidi, na kinachobaki, kikimwagiwa maji, huwa chokaa yenye ukali. Ukali huo ukikutana na mafuta ya mnyama, hasa yakiwa ya moto, huyavunja na kutengeneza sabuni. Lakini si sabuni ya kufulia, maana iliyotokana na chokaa haiyeyuki majini. Ni yaleyale matakataka meupe yanayoganda ndani ya beseni mtu anapofua kwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Kile kinachomkera mfuaji ndicho anachokitaka baharia: utando mzito, unaoshika ubao, usioruhusu maji kupita, na unaobanduka kidogokidogo pamoja na chochote kilichojibandika juu yake. Deheni hupakwa kwa mkono ikiwa bado vuguvugu, ikasuguliwa mpaka iingie kwenye vinyweleo vya mti. Macho hulindwa, kwa sababu chokaa huunguza jicho kwa muda mfupi sana. Haidumu mwaka. Baada ya miezi michache huwa imekwisha, na mashua hurudi kwenye gadi.

Juu ya mstari wa maji hutumika sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo hujaza vinyweleo na kupunguza kasi ya mbao kulowa na kukauka. Harufu yake ni kali, na watalii wengi hawaipendi, lakini si harufu inayofanya matumizi yake yafikiriwe upya. Papa hukua polepole na kuzaa watoto wachache, na wamepungua sana katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliongeza jamii nzima ya papa iitwayo Carcharhinidae kwenye orodha ya viumbe ambavyo biashara yao ya kimataifa hudhibitiwa. Mafuta ya kitani yanaweza kushika nafasi ya sifa, kwa sababu hukauka yakawa utando. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yametumika India kuhifadhi mbao za mashua za uvuvi; huzuia wadudu, ila hubabua ngozi na hayapakwi bila glavu. Mafuta ya nazi, ingawa yanapatikana kila nyumba, hayafai kwa nje kwa kuwa hayakauki kamwe.

Wengi sasa huacha deheni na kununua rangi ya kuzuia viumbe. Nyingi ya rangi hizo hufanya kazi kwa shaba, na shaba ina historia ndefu majini. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli ya HMS Alarm kwa mabati ya shaba. Mtoboa mbao alishindwa, lakini miaka miwili baadaye misumari ya chuma iliyoshika mabati hayo ilikutwa imelika, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kufungia ilisahauliwa kati ya shaba na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya betri, na iliyo dhaifu huliwa. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliigeuza kanuni hiyo iwe kinga: alibandika vipande vya chuma au zinki kwenye shaba ili viliwe badala yake. Shaba ilipona, lakini meli zikajaa magamba kwa kuwa shaba isiyolika haitoi sumu. Somo hilo liko ndani ya kila kopo la rangi leo. Rangi inayozuia viumbe huzuia kwa kuisha.

Kinachoisha huenda mahali. Katika miaka ya 1960 ilikuja rangi yenye kampaundi ya bati iitwayo TBT, iliyofanya kazi vizuri kupita zote, mpaka chaza wa ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa wakaanza kuota magamba yaliyoharibika na kushindwa kuzaana. Ufaransa iliipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuizuia, uliopitishwa 2001, ulianza kutumika 2008. Rangi za shaba ni afadhali, lakini nazo zina sumu. Mikono mingi hukwangua rangi kuukuu pwani na kuacha vipande vizame mchangani, hatua chache kutoka kwenye mikoko ambako samaki wadogo hukulia. Turubai chini ya mashua, barakoa usoni, na gunia la kukusanyia taka hutosha kuondoa sehemu kubwa ya madhara hayo, na hakuna sababu ya kutofanya hivyo.

Kanuni ya Davy hurudi tena kwenye misumari na mashine. Msumari wa chuma ndani ya ubao wenye chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua ubao kutoka ndani. Rangi nyeusi inayouzunguka msumari ni dalili ya mapema, chuma kikikutana na tanini ya mti. Misumari iliyochovywa zinki hudumu zaidi, ilimradi nyundo isibandue zinki hiyo kichwani. Mtepe wa zamani, ulioshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, haukuujua ugonjwa huu, ingawa kamba zake zilidai kushonwa upya.

Mashine ya kupachika ina kipande chake cha zinki karibu na rafadha, na hubadilishwa kikifika nusu. Hakipakwi rangi, kwani kikipakwa hakifanyi kazi. Baada ya kila safari, mashine hupitishiwa maji baridi kwa dakika 10 au 15, ikinguruma polepole, ili chumvi isikauke ndani ya njia za kupoza. Mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ndio ushahidi kuwa njia ziko wazi; ukidhoofika, mashine huzimwa kabla haijaungua. Mafuta ya gia yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameshapenya kwenye sili. Plagi ya akiba na kamba ya kuwashia hubebwa ndani ya mashua, pamoja na tanga, hata kwa safari fupi.

Tanga la pamba huliwa na ukungu likikunjwa bichi, kwa hiyo hutandazwa likauke kwanza. Tanga la nyuzi za viwandani halijali ukungu, ila jua la karibu na ikweta hulikatakata nyuzi kimyakimya. Likiachwa limefungwa kwenye foromali bila kifuniko, huchanika siku ya upepo wa kwanza. Kamba hukaguliwa pale zinapopita, si pale zinapoonekana: ndani ya gofia, kwenye fundo la nanga, juu kwenye kichwa cha mlingoti ambapo henza husagika. Kamba ikianza kutoa manyoya mahali pamoja, hugeuzwa ncha kwa ncha ili sehemu nzima ipokee mzigo.

Boti za faiba hazihitaji pamba wala deheni, na wengi hudhani hazihitaji kitu. Maji hupenya polepole hata kwenye faiba na kufanya malengelenge chini ya koti la nje, ambayo hupasuliwa, hukaushwa kwa wiki kadhaa, na kuzibwa. Lamu yenyewe imetoa mfano mwingine: mwaka 2018 Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara kuukuu, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mtoboa mbao hana la kufanya kwenye plastiki. Magamba na mwani hujishikiza palepale.

Mwaka wa matengenezo hufuata upepo. Kusi inapochachamaa, hasa Juni na Julai, na bahari ya nje ikawa haikaliki, mashua hupandishwa kwa kazi kubwa: kubadilisha mbao, kukalafati mwili mzima, kung'oa na kukagua mlingoti, kupaka mafuta. Kazi ndogo za bamvua huendelea miezi mingine yote. Wakati wa kazi kubwa ndipo pia huangaliwa majaketi ya kuokolea, vifungo vyake na mishono yake, kwa sababu chombo kinachobeba abiria kwa malipo hukaguliwa na mamlaka za nchi husika: KMA nchini Kenya, TASAC Tanzania Bara, na ZMA Zanzibar.

Siku ya kuishusha, mashua haiendi safari. Huwekwa kwenye kina kidogo, ikiwa imefungwa kwa kamba mbili, na mtu hulala ndani yake na upo wake. Usiku wa kwanza atachota mara nyingi. Mbao zitaanza kunywa, nyufa zitabana, na hesabu ya nyupo itashuka siku hadi siku. Pale itakapotulia kwenye idadi ile ya kawaida ya mashua hiyo, farumi hurudishwa, mlingoti husimikwa, na tanga hupandishwa kwa mwendo mfupi wa majaribio ndani ya mkondo kabla ya abiria wa kwanza kuingia.